Mwalimu wa historia wa kumlipa: umtafute wapi, na umpime vipi



Leo sitazungumza juu ya barabara ya Mombo wala bei ya kabeji, mambo ambayo yamekwisha kutuchosha mimi nanyi. Nataka tuzungumze juu ya mwalimu. Si mwalimu yule wa shuleni anayelipwa na serikali, bali yule ambaye mzazi anamtafuta mwenyewe na kumlipa mwenyewe, ili amfundishe mtoto wake saa za jioni. Na somo lenyewe ni historia.

Juma lililopita nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Mlalo. Ni mkulima wa viazi, ana binti yuko kidato cha nne. Katika mtihani wa majaribio binti amepata D ya historia. Mama anaomba nimsomee tangazo redioni kwamba anatafuta mwalimu wa historia wa kuja kumfundisha binti nyumbani. Akamalizia kwa maneno haya: bei isiwe tatizo, viazi mwaka huu vimekubali.

Tangazo lile sikulisoma. Sikulisoma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si busara kutangaza kwa milima yote ya Usambara kuwa katika nyumba fulani yuko binti anayehitaji mgeni wa kuketi naye kila jioni; nitarudi kwenye jambo hilo. Ya pili ni kwamba mwalimu hatafutwi kama mbuzi aliyepotea, kwamba atakayemwona amlete. Ukitangaza redioni kuwa unatafuta mwalimu na kwamba bei si tatizo, watakuja watu kumi kabla jua halijazama, na tisa kati yao watakuwa wamekuja kwa sababu ya hayo maneno ya mwisho.

Lakini haja ya yule mama ni ya kweli, wala asije mtu akamcheka. Kuna wazazi wanaodhani tuisheni ni ya hesabu na fizikia, na kwamba historia ni somo la kusoma tu, mtoto asiyefaulu ni mvivu. D katika matokeo ya kidato cha nne inahesabiwa kuwa ni kufaulu. Lakini D hiyo haimpeleki mtoto kidato cha tano kusoma mkondo wenye historia, iwe ni historia na jiografia, au historia na Kiswahili. Huko wanataka C kwenda juu. Binti huyu anataka kusoma sheria. Kila akiteremka Lushoto mjini anawaona wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama wakipita na mafaili yao, naye anajiona yumo. Kati yake na ndoto hiyo ipo herufi moja. Kwa hiyo mama anapokuwa tayari kutoa viazi vyake, anajua anachokinunua.

Nami nikamjibu, mama, kabla hujatafuta mwalimu, nitumie kwanza picha ya karatasi ya mtihani ya binti. Si matokeo, bali yale majibu yenyewe aliyoyaandika.

Zikaja picha sita. Nimezisoma zote, ingawa mimi si mwalimu. Mimi ni mwandishi wa habari mwenye stashahada yangu, na mwandiko mbaya nimeuzoea tangu enzi za barua za salamu. Katika sehemu ya kuchagua jibu sahihi, binti amefanya vizuri. Katika kupanga sentensi kwa mtiririko wa matukio, ambalo ni swali linalowatoa jasho wengi, amekosa moja tu. Ramani ya Afrika Mashariki ameichora, na bahari ameiweka upande wake. Balaa imeanzia kwenye insha. Aliulizwa juu ya matokeo ya biashara ya misafara ya masafa marefu, akaandika nusu ukurasa. Ndani ya nusu ukurasa huo mlikuwa na mambo manne ya kweli, kila moja kwa sentensi moja iliyovunjika kiuno, hakuna mfano, hakuna jina la mtu wala la mahali. Insha nyingine aliambiwa apime kama hoja fulani ni ya kweli, yeye akaorodhesha sababu, kwa kuwa neno la Kiingereza lililomtaka apime hakulielewa.

Sasa niambieni, mtoto huyu hajui historia? Anaijua. Asichokijua ni kuiandika, tena kuiandika kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo hali ya watoto wengi wa shule zetu za kata. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, na nyumbani anasema Kishambaa. Siku anayoingia kidato cha kwanza anakutana na ujima, ukabaila na ubepari vikiwa vimevaa nguo za kigeni. Katika mtaala mpya ulioanza kutumika kwa hatua mwaka 2024 limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili, na mimi nasema ni jambo jema. Lakini binti wa Mlalo yumo katika mtaala wa zamani, na mtihani wake wa Novemba hautamsubiri.

Ndiyo maana nasema mzazi aombe kuiona karatasi ya mtihani. Mtoto ambaye hajasoma kabisa anahitaji kusimamiwa, na kwa hilo hata shangazi yake anatosha. Mtoto anayejua lakini hawezi kuandika anahitaji mtu wa namna nyingine kabisa. Ukimlipa mtu wa kumjaza yale aliyokwisha kujaa, umemwaga fedha.

Na kujaza ndiko kunakofanyika mahali pengi. Niliwahi kukaa katika darasa moja la tuisheni upande wa Soni, kwa ruhusa ya mwenyewe, nikiwa na daftari langu. Kilikuwa chumba cha mabati chenye vijana kama thelathini, na baridi ya mwezi wa saba ikipenya chini ya mlango. Mwalimu aliingia, akafungua desa lake, yaani yale makaratasi yaliyotolewa nakala hadi maandishi yamefifia, akaanza kusoma kwa sauti. Vijana wakaandika. Akasoma dakika hamsini. Alipofika kwenye nukta alisema nukta, alipofika kwenye mkato akasema mkato. Hakuna aliyeuliza swali, naye hakuuliza swali. Mwisho akakusanya fedha, na kwa uaminifu kabisa akamrudishia kijana mmoja chenji yake.

Nilimwuliza kwa heshima, mwalimu, insha zao unazisahihisha lini? Akanitazama kama vile nimemwuliza habari za mwezini. Akasema, ndugu mwandishi, hawa ni thelathini, na kesho nina thelathini wengine.

Simlaumu sana. Anatafuta riziki, na wazazi ndio waliomzoesha hivyo, kwa maana mtoto akirudi nyumbani na daftari lililojaa, mzazi anafurahi, anasema leo kimesomwa. Daftari tupu lenye insha moja iliyochorwachorwa kwa kalamu nyekundu linaonekana kama hasara. Lakini hasara ni lile la kwanza. Yale yaliyosomwa kwa sauti pale Soni yamo katika vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu hivyo mtu anavisoma bure katika maktaba yao ya mtandaoni. Hakuna haja ya kumlipa mtu akusomee.

Lipo na jambo jingine linalonikera, na hapa sitataja shule wala mtu. Yuko mwalimu ambaye asubuhi darasani anafundisha nusu, na nusu iliyobaki anaiuza jioni. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake za sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafikia kidato cha tano na cha sita. Mzazi aliyepumua kwa ajili hiyo anajikuta analipa ada ile ile kupitia mlango wa uani. Mzazi, kama mwalimu anayetaka kumfundisha mwanao jioni ni yule yule anayemfundisha asubuhi, mwulize mkuu wa shule kwanza. Kama hana la kuficha, hatakasirika.

Basi mwalimu apatikane wapi? Hapa nina habari njema, japo kwa upande wa pili ni habari ya kusikitisha. Katika milima hii tumezungukwa na walimu wa historia. Wamo mashambani. Kwa miaka mingi sasa, serikali inapoajiri walimu wa sekondari hutanguliza wale wa sayansi na hisabati, kwa kuwa ndio waliopungua. Kijana aliyesomea ualimu wa historia na Kiswahili, au historia na jiografia, anahitimu na shahada yake, anarudi kijijini kusubiri ajira, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Huyo anayekubeba kwa pikipiki kutoka Lukozi, mwulize alisomea nini. Yule dada anayepima mbegu katika duka la pembejeo, mwulize. Mimi nimekwisha kukutana na wawili kwa namna hiyo, na mmoja wao alinieleza habari za mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885 tukiwa tumesimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga, vizuri kuliko nilivyopata kueleweshwa darasani.

Wapo na walimu wastaafu. Hawa wana faida yao kubwa. Wengi wamesahihisha mitihani, na Kiingereza chao ni kile cha zamani kilichonyooka. Kasoro yao ni kwamba baadhi hawakufuatilia jinsi maswali yalivyobadilika. Dawa yake ipo. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka, na humo wanaeleza swali lilitaka nini, waliofaulu walijibu vipi, walioshindwa walishindwa kwa nini. Ziko kwenye mtandao, na hakuna kiingilio. Mwalimu yeyote anayetaka kulipwa kwa historia ya kidato cha nne, mstaafu au kijana, aulizwe kama amezisoma. Asiyejua kuwa zipo, mwambie akazisome, halafu arudi.

Namna ya kumpima ni rahisi, wala mzazi hahitaji kuwa amesoma. Mwambie mtoto aandike insha moja kutoka mtihani uliopita. Mwalimu akija siku ya kwanza, mpe chai, mpe ile insha na kalamu, kisha keti hapo hapo. Mwangalie anavyofanya. Akiisoma haraka akaandika alama chini na kusema “ajitahidi”, huyo mlipie nauli tu. Akiisoma polepole, akarudi nyuma, akamwuliza mtoto, hapa ulikuwa unataka kusema nini, naye mtoto akaeleza kwa Kiswahili au kwa Kishambaa, na mwalimu akasema, haya, sasa sentensi hiyo hiyo tuiandike kwa Kiingereza, huyo ndiye. Mshike. Mpunguzie sukari au mwongezee, kadiri apendavyo.

Hapa nataka nikae kidogo, maana nilisema insha ya binti haikuwa na mfano hata mmoja, na jambo hilo linaniuma kuliko lile la Kiingereza.

Aliulizwa matokeo ya biashara ya misafara. Yeye ni mtoto wa Usambara! Swali hilo majibu yake yako chini ya dirisha lake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 milima hii ilikuwa na mfalme mmoja mwenye nguvu, Kimweri ye Nyumbai, makao yake Vuga. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848, akarudi tena 1852. Burton na Speke nao walipanda Vuga mwaka 1857, kabla ya safari yao ya Ziwa Tanganyika. Wakati huo mfalme alitawala kutoka juu, milimani, kwenye mvua na migomba, na mali yake ilikuwa kodi ya watu wake. Lakini huko chini, tambarare ya Mazinde, ilipita njia ya misafara ya kwenda na kutoka Pangani. Mwanawe Semboja alikuwa amewekwa huko kuwa mtawala. Misafara ilipoongezeka, bunduki na baruti vilipitia kwa Semboja, havikupanda mlimani. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vuga kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Mjukuu alikuwa na kiti na Semboja alikuwa na bunduki. Haikupita miaka kumi, Vuga ikashambuliwa, Wabondei wakajitoa katika utawala wa Wakilindi, na watu wa milimani wakawa wanakamatwa na kuuzwa pwani.

Hayo ndiyo matokeo ya biashara ya misafara. Mwanafunzi akiyaeleza hivyo, kwa majina na mwaka, msahihishaji ataketi sawasawa kwenye kiti chake. Badala yake mtoto anaandika sentensi moja kwamba biashara hiyo iliangusha baadhi ya dola, basi, kama kwamba dola hizo zilikuwa huko Ureno.

Mwalimu wa kumlipa ni yule atakayeweza kumshika mtoto mkono na kumpitisha kutoka swali la Baraza hadi Mazinde, kisha amrudishe kwenye karatasi. Na si kwa mada hiyo moja tu. Uchumi wa kikoloni? Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Mtoto aulizwe kwa nini ilielekezwa huku, na nani alikuwa na mashamba ya kahawa milimani. Suala la kazi za lazima lipo pia. Mji wa Lushoto Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na katika wilaya hiyo, mwaka 1907, ndipo walipoanzisha mpango wa kadi, kwamba mwananchi afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Je, wakulima walichangiaje harakati za kudai uhuru? Mlalo kwenyewe, kwao binti, serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa hifadhi ya ardhi mwaka 1946, ukaja kuenea Usambara, na watu wakalazimishwa kulima matuta mashambani. Wakayakataa. Wanawake ndio hasa waliobeba jembe la matuta hayo, na kabla ya muongo wa 1950 kwisha mpango ukafa. Ukiweka hapo na Uluguru mwaka 1955, walikokataa ngazi za kilimo, na Wameru waliofukuzwa Ngarenanyuki mwaka 1951 hata Kirilo Japhet akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa mwaka 1952, tayari una aya tatu za insha, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye desa.

Wapo watakaosema, kama ni hivyo, si tuwapeleke watoto kwa wazee? Wazee wetu wanaijua historia hii yote. Nimelisikia sana neno hilo, hata katika mikutano ya shule, na hupigiwa makofi. Mimi siungi mkono moja kwa moja. Mzee anazijua habari, na atakusimulia jinsi Mbegha alivyotoka Nguu akiwinda nguruwe, akawapa watu nyama nao wakampa vyakula vya shambani, akaua simba, wakamfanya mfalme. Atasimulia vizuri hadi uisahau baridi. Lakini mzee hawezi kumwambia mtoto kwa nini habari hiyo inasimuliwa hivyo. Mzee wa ukoo wa Kilindi ana yake, na mzee ambaye babu zake walikuwapo kabla ya Wakilindi ana yake. Abdallah bin Hemedi, aliyewajua watawala hao kwa karibu, aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, ikachapwa Magila, na mwaka 1962 ikatolewa tena Nairobi. Naye ana yake. Mmarekani Steven Feierman alizunguka milima hii miaka ya 1960 akiwahoji wazee, na mwaka 1974 akatoa kitabu juu ya ufalme wa Washambaa. Na humo utakuta mengine.

Mada ya kwanza kabisa ya historia katika sekondari ni vyanzo vya historia. Watoto wote wanaweza kukutajia faida na hasara za masimulizi ya mdomo, moja hadi tano, kama watu wanaotaja majirani. Ni wangapi wamewahi kuyasikiliza masimulizi mawili yanayopingana na kuulizwa, wewe unamwamini nani, na kwa nini? Hapo ndipo pa mwalimu. Mzee ni hazina na desa ni karatasi, lakini kati yao anahitajika mtu wa kuuliza maswali. Sisi katika uandishi wa habari tulifundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi, vipi, na kwa nini. Watoto wetu wanatoka shule wakiwa na nne za mwanzo. Insha inataka ile ya mwisho.

Sasa niseme lile nililoahidi kulirudia, jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi kulisema mbele za watu. Binti wa miaka 17 na mwalimu wa kiume, jioni, chumbani, mlango umefungwa ili wasisumbuliwe na watoto. Hapana. Wazazi, hapana. Sisemi kwamba kila mwalimu ni mbwa mwitu. Wengi ni vijana wastaarabu wenye dada zao. Lakini hatuweki moto karibu na nyasi kisha tukasema tuliuamini moto. Somo lifanyike barazani au sebuleni, bibi akiwapo anachambua maharage. Liishe kabla ya magharibi, hasa miezi hii ya ukungu ambapo mtu huwezi kumwona aliye hatua kumi mbele yako njiani. Mwalimu awe na namba ya simu ya mzazi, si ya binti. Ujumbe wa saa nne za usiku juu ya vita vya Maji Maji hauhusu vita vya Maji Maji. Na kama katika kijiji chenu yuko mwalimu wa kike anayefaa, mwanzieni huyo, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Na bei? Sitataja kiasi, kwa kuwa nikitaja leo kesho kitakuwa ndicho kima cha chini. Nitasema namna tu. Msilipe muhula mzima kwanza. Lipeni kwa juma, au kwa mwezi ukishakwisha, na kipimo kiwe idadi ya insha zilizosahihishwa, si idadi ya saa. Kama ni gunia la viazi, basi gunia litolewe kwa makubaliano yaliyoandikwa, mkulima na mwalimu wote wawe na nakala, maana viazi vikipanda bei Dar es Salaam urafiki hupungua.

Vile vile hakuna sababu mama mmoja abebe mzigo peke yake. Nilimshauri yule wa Mlalo awatafute wazazi wenzake watatu, wenye watoto wa kidato hicho hicho. Watoto wanne ni darasa zuri. Gharama inagawanyika, binti hakai peke yake na mgeni, na tena wanasomeana insha, kila mmoja anasikia jinsi mwenzake alivyokwama. Wakizidi sita, mtarudi kule kwenye chumba cha mabati.

Mtihani wa taifa huwa mwezi wa Novemba. Kutoka leo, ukihesabu kwa vidole, yamebaki majuma kama kumi na matano. Insha mbili kwa juma kwa kila mtoto ni insha thelathini, na kwa watoto wanne ni mia na ishirini. Mwambieni mwalimu hesabu hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya chai ya pili. Akisema ni nyingi, hana muda wa kuzisahihisha zote, msigombane naye. Mshukuruni, msindikizeni hadi barabarani, mrudi mkamwulize yule kijana wa pikipiki.